Nyimbo za Voronezh, Ghorofani Michenzani

Mtoto wa Unguja mwenye miaka saba huweza kuisoma Juzuu Amma kwa ghibu toka mwanzo hadi mwisho, kila herufi ikitoka pahala pake, kila mada ikivutwa kwa kipimo chake. Mchukue mtoto huyohuyo umpeleke Muscat, umsimamishe dukani, umwambie aombe maji ya kunywa kwa Kiarabu. Atakutazama. Hana kosa, wala maalimu wake hana kosa, maana hakuna aliyekusudia kumfundisha kununua maji. Alifundishwa ibada, na ibada ameipata. Ila sisi tuliolelewa chuoni, na mimi zaidi niliyebaki humo nikiwafundisha wasichana kasida, tunalijua jambo ambalo wazazi wengi hulijua wakiwa wamechelewa: sauti ya lugha na lugha yenyewe zaweza kukaa nyumba moja miaka mingi bila ya kusalimiana.

Jambo hilo limenirudia kichwani kwa sababu ya wifi yangu. Kaka yangu mdogo alikwenda kusomea udaktari Voronezh, mji ulio kiasi cha kilomita 500 kusini mwa Moscow, akarudi na shahada na mke. Wanakaa Michenzani, kwenye yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Wifi alipozipanda ngazi zile mara ya kwanza alicheka peke yake. Tulipomuuliza, alisema amepanda ndege mbili ili afike kwenye ngazi za nyumba ya mama yake: zege lilelile, vyuma vilevile vya kushikia, madirisha yaleyale. "Harufu tu ndiyo mbali," akasema. "Kwetu kabichi, hapa samaki."

Wana watoto wawili, wa kike wa miaka sita na wa kiume wa mitatu. Nyumba yote iliyobaki ni Kiswahili: baba, bibi, mimi, majirani, skuli, chuo, muuza urojo wa chini. Kirusi ni mtu mmoja, naye ana kazi, ana jiko, ana usingizi. Basi alichagua njia aliyoiona nyepesi kuliko zote, akawa anaimba. Akifua anaimba, akiwaogesha anaimba, akiwavisha viatu kuna wimbo wa viatu. Mama yangu alidhani mwanamke huyu ana furaha isiyo ya kawaida, mpaka alipoelezwa kwamba lile ni somo.

Warusi wana akiba kubwa ya nyimbo za mtoto mchanga, na nyingi haziimbwi kwa mdomo peke yake. Ipo ya kupigishana makofi, inaitwa "Ladushki". Zipo za kumnyoosha mtoto miguu anapoamka, za kumrusha magotini, za kumtisha kidogo ili acheke. Na iko ile ya ndege anayepika uji. Wifi alikuwa amekipakata kile kitoto cha kiume, akakifungua kiganja, akawa anazungusha kidole chake katikati ya kiganja kama anayekoroga sufuria. Kisha akaanza kuvishika vidole vya mtoto kimoja kimoja, kila kimoja kikagaiwa uji, mpaka akafika kwa wa mwisho aliyenyimwa kwa kuwa hakuteka maji wala hakuchanja kuni. Mama yangu, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, akasogea. "Hebu lete mkono wa pili," akasema. Akamhadithia mtoto ile ya kwetu, ya vidole vinavyopanga kwenda kuiba, kimoja kikauliza habari ya Mungu, na gumba akakataa, ndiyo maana mpaka leo amekaa mbali na wenzake. Mkono wa kulia Kirusi, wa kushoto Kiswahili. Kidole cha Voronezh kimenyimwa kwa uvivu wake. Gumba la Unguja limejitenga kwa uaminifu wake. Mtoto alicheka sawasawa kwa yote mawili.

Katika umri ule hakuna lugha ya kigeni. Mtoto haulizi maneno yametoka wapi, anauliza kidole kinachofuata kitashikwa lini. Watu wanaonunua kaseti, vitabu na programu za simu kwa ajili ya mtoto wa mwaka mmoja wanajichosha. Kinachotakiwa ni kiganja, na mtu ambaye wimbo ule aliwahi kufanyiwa yeye.

Akishakua kidogo, faida ya wimbo huhamia masikioni. Kirusi kina mambo mawili yanayomsumbua mtu wa Kiswahili. La kwanza ni mkazo. Wetu umekaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hauna haja ya kuutafuta. Wa Kirusi hukaa popote unapopenda, na neno lilelile likibadili mwisho wake, mkazo nao huweza kuhama; tena irabu isiyo na mkazo hufifia, *o* ikasikika kama *a*. Huwezi kumweleza hayo mtoto wa miaka mitatu. Wimbo haumwelezi, unamwekea mkazo juu ya pigo, naye anapiga kofi papo hapo. (Si kila wimbo. Za kale za mashambani huuyumbisha mkazo zifuate lahani, na ukizisema kama zilivyoimbwa, Warusi watakucheka. Wifi ameziweka kando hizo mpaka watoto wakue.)

La pili ni unene na wembamba wa herufi. Konsonanti nyingi za Kirusi zina pacha: moja ngumu, nyingine laini, ulimi ukiinuka kana kwamba unataka kutamka *y*. Ukizichanganya, umesema kitu kingine. Watu wazima wanaojifunza Kirusi huhangaika hapa miaka. Binti wa kaka yangu hakuhangaika na ile ngumu, na sababu yake haikutoka Urusi. Chuoni alikwisha kufundishwa kwamba lamu katika jina la Allah huwa nene ikitanguliwa na fat'ha au dhuma, na huwa nyembamba ikitanguliwa na kasra, na akikosea anarudishwa mpaka apatie. Lamu ile nene haiko mbali na *l* ngumu ya Kirusi. Wifi alikuwa amejiandaa kwa vita, akakuta maalimu ameshamaliza kazi. Siku aliponieleza hivyo nilijivuna kana kwamba maalimu yule ni mimi, na si mimi, mimi ni wa kasida tu.

Kwenye sarufi wimbo unaanza kuchagua. Nomino ya Kirusi ina jinsi tatu na hali sita, na kila hali huvuta mkia wake, na vivumishi hufuata nyuma. Zipo nyimbo zinazompa mtoto mikia hiyo ikiwa imeshafungwa, akaimeza bila kuitafuna. Na zipo chache zilizo wazi, zinazomwachia mlango. Bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni "Pust vsegda budet solntse", wimbo wa mwaka 1962, lahani ya Arkady Ostrovsky na maneno ya Lev Oshanin. Kiitikio chake ni cha zamani zaidi: ni mistari minne iliyotungwa na mtoto wa miaka minne, nayo imo katika kitabu cha Kornei Chukovsky kuhusu usemi wa watoto wa miaka miwili hadi mitano. Mtoto yule anaomba jua lidumu, kisha mbingu, kisha mama, kisha yeye mwenyewe. Mistari mitatu ya kwanza inaanza na maneno yaleyale matatu, kinachobadilika ni neno la mwisho tu. Na neno hilo la mwisho, kwa bahati, limekaa katika umbo lake la mwanzo kabisa, halidai mkia wowote. Kitenzi kilichotangulia nacho hakijali jinsi. Maana yake mtoto anaweza kuchukua jina lolote la umoja analolijua, akalitia pale, na akawa amesema Kirusi sahihi. Aliyetunga alikuwa na miaka minne, basi ametunga kwa kadiri ya mtu wa miaka minne. Hakuna mtaalamu wa mitaala angeweza kuipanga vizuri zaidi.

Wifi aliwafungulia mlango huo. Binti akaomba bahari idumu, na embe, na paka. Mdogo wake alipofikiwa na zamu yake hakuwa na neno la Kirusi mkononi, akatia "shangazi". Nikaombewa dawamu kwa lugha mbili kwa mpigo, na sijapata kuombewa dua nikaipenda kama ile.

Usiku kuna kipindi. "Spokoynoy nochi, malyshi!" kilianza kuoneshwa kwenye televisheni ya Kisovieti tarehe 1 Septemba 1964 na kinaendelea, na wimbo wake wa kulaza watoto, wa huyohuyo Ostrovsky na Zoya Petrova, unawahadithia watoto kwamba hata vitu vyao vya kuchezea vimechoka vimelala. Huku kwetu kinakuja kwa intaneti. Miongoni mwa vikaragosi wake yumo Khryusha, aliyeingia mwaka 1971, na Khryusha ni nguruwe. Mama yangu alimtazama kwa muda mrefu. Wifi akaanza kueleza kwamba ni kitambaa tu, na kwamba ana tabia ya kitoto, hufanya ukorofi kisha hujuta. "Sijamkataza," mama akasema. "Aimbe. Ila simu isikae karibu na sahani."

Mambo yakaenda vizuri hivyo mpaka binti alipotimia miaka mitano, na hapo ndipo kila aliyekuwa na macho akaona. Alikuwa na nyimbo tele. Akiimba, mgeni wa Kirusi angedhani mtoto ametoka Voronezh jana. Mama yake akimuuliza kwa Kirusi anataka nini, anajibu "chai". Akimuuliza nani amemsukuma mdogo wake, anajibu kwa Kiswahili sentensi ndefu iliyonyooka, yenye utetezi na mashahidi. Alikuwa anaelewa kila anachoambiwa, na alikuwa anaimba kila alichofundishwa, na katikati ya hayo mawili hapakuwa na kitu.

Nilimtambua mara moja, kwa sababu ni mwanafunzi wangu. Ninao wasichana ishirini chuoni wenye Kiarabu cha namna hiyo.

Tena si yeye wa mwanzo. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa cha Moscow kilianzishwa mwaka 1960, kikapewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata, na vijana wa Kiafrika wakamiminika huko na kwenye vyuo vya miji mingine, kina Kiev na Leningrad. Baadhi walirudi na wake. Watoto wa ndoa zile sasa ni watu wazima, unakutana nao Dar es Salaam na hapa mjini. Ukitaja Kirusi, nyuso zao zinachanua, na wengine watakuimbia wimbo wa mamba Gena, ule wa kusherehekea kuzaliwa uliotungwa na Vladimir Shainsky kwa filamu ya katuni ya mwaka 1971, watauimba mpaka mwisho na kinanda chake kwa mdomo. Ukiwajibu kwa Kirusi, wanainua mikono. Hawana zaidi. Wimbo umebaki mzima, kama kanga iliyohifadhiwa sandukuni na utepe wake. Haijawahi kufungwa kiunoni.

Na upande wa pili wa kisiwa yuko mtu mwingine kabisa. Watalii wa Kirusi walikuja kwa wingi Unguja wakati wa korona, miaka ya 2020 na 2021, nchi nyingi zilipokuwa zimefunga mipaka na sisi tumeshafungua. Papasi wa Nungwi na Paje, wale vijana wanaowafuata watalii pwani na kuwatafutia boti, hawakusubiri darasa. Walianza na bei, wakaja boti, pweza, kesho, rafiki, ghali, si ghali. Wifi akienda pwani huwasikiliza kwa mapenzi makubwa. Mikia ya maneno yote imekatika, mkazo wote umekaa silabi ya pili kutoka mwisho kama unavyokaa Kizimkazi, *l* zote ni nyembamba. Lakini papasi anamuuliza Mrusi swali, anajibiwa, anabisha, anatania, anarudi na hoja nyingine, na boti inakodiwa. Hajui hata wimbo mmoja. Kirusi chake ni kibovu, na kiko hai kabisa.

Nikawa namfikiria mtoto yule na papasi yule kwa pamoja. Mmoja ana sauti, hana mazungumzo. Wa pili ana mazungumzo, hana sauti. Wapo watakaosema dawa ni kuacha nyimbo, tuanze kuzungumza. Siwaamini. Papasi anazungumza kwa sababu ana shida, na mtoto wa miaka mitano nyumbani kwao hana shida; chai itakuja kwa lugha yoyote atakayoiomba. Anachokitaka ni mchezo. Ukimwondolea wimbo umemwondolea sababu pekee aliyokuwa nayo.

Suluhisho liliingia kwa mlango wa nyuma, kwa ubovu wa mtandao. Bibi yao wa Voronezh hupiga simu ya video Ijumaa jioni. Mwanzo alijaribu kuimba nao pamoja, haikuwezekana: sauti inachelewa, makofi yake yanafika wakati watoto wameshapita, wao wanamsubiri, yeye anawasubiri, wote wananyamaza, kisha wote wanaanza kwa pamoja. Ilikuwa inachekesha, halafu ikawa inachosha. Basi bibi yule, aliyekuwa mwalimu wa chekechea kabla ya kustaafu, akabadilisha. Akawa anaimba nusu ya mstari na kunyamaza. Ule ukimya wa mtandao ukawa zamu ya mjukuu. Mjukuu anamalizia, ukimya, bibi anaendelea. Baadaye akaanza kuwafanyia hila: anaimba mstari na kutia neno la uongo, paka badala ya mbwa, na watoto wanaruka kumsahihisha. Kumsahihisha kwenyewe lazima kuwe kwa Kirusi, maana bibi wa Voronezh hajui Kiswahili hata cha kuombea chumvi.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nikimsikiliza, nikasema moyoni, hii ni kasida. Sisi hatuimbi kasida sote toka mwanzo mpaka mwisho kama mashine. Kuna anayeongoza na kuna wanaoitikia, na anayeongoza akitaka kuwapima wanaoitikia, anageuza kituo, anarudia ubeti, anakata pahala wasipotegemea. Aliyelala anajulikana. Wimbo unaoimbwa na mtu mmoja mpaka mwisho unamwachia mwenzake kazi ya kusikiliza tu. Ukikatwa, mwenzake anapata nafasi ya kuingia, na akishaingia mara moja huwezi kumtoa.

Hata hizo nyimbo ambazo leo zinauzwa zikiwa zimepambwa, nyingine zilianza kwa namna hii, mzazi na mtoto ndani ya nyumba. Ule maarufu wa mti wa mwaka mpya, "V lesu rodilas yolochka", maneno yake ni ya mwalimu Raisa Kudasheva, yaliyochapwa mwaka 1903 katika jarida la watoto liitwalo Malyutka. Lahani yake ilizaliwa 1905 nyumbani kwa Leonid Bekman, ambaye hakuwa mtunzi wa muziki kwa kazi. Alikuwa akimwimbia binti yake mdogo. Mkewe, Elena Bekman-Shcherbina, ndiye aliyekuwa mpigapiano, akaiandika lahani ile kwenye karatasi. Watoto wa Michenzani wanauimba mwezi wa Desemba nyuzijoto zikiwa thelathini na kitu, na theluji wanayoijua ni ile ya kukwangua kwa kijiko kwenye friza. Sioni ubaya. Kitoto cha Voronezh nacho kinaimba habari za nyani bila kuwahi kuona komba.

Nyani wanatuleta kwenye Afrika ya Warusi, na hapo mimi na wifi tuligongana.

Mwaka 1970 ilitoka katuni iitwayo "Katerok", na ndani yake wimbo "Chunga-changa", lahani ya Shainsky, maneno ya Yuri Entin. Ni wimbo mtamu, hakuna mtoto wa Kirusi asiyeujua. Unasifu kisiwa cha joto ambako watu wanaishi kwa raha, wanakula nazi na ndizi, na siku zinapita. Wifi aliupenda tangu utotoni na aliona fahari kuwaimbia wanawe waliozaliwa kisiwani. Mimi niliposimuliwa maana yake nilimwambia, "Wifi, nani kawaambia hao kwamba nazi inaliwa kwa raha? Ikwee, iangue, uifue, uivunje, uikune, uikamue. Hiyo raha iko hatua ya ngapi?" Akanyamaza. Halafu akasema kwamba yeye hajapata kuusikia wimbo ule kwa masikio ya mtu aliye ndani ya kisiwa. Sikumtaka auache. Mtoto atausikia tu, kama si kwa mama basi kwa bibi. Nilitaka asiumeze mzima.

Siku ya pili nikamkuta amemkalisha binti juu ya mbuzi ya nazi, mwenyewe amechuchumaa pembeni na ganda mkononi, wanaimba ule wimbo na kila wakifika kwenye nazi wanasimama, binti anasema kwa Kirusi nini kinafuata kufanywa. Alikuwa hana maneno ya nusu ya kazi zile, na mama yake naye, kusema kweli, hakuwa nayo, kwa sababu Voronezh hakuna anayekuna nazi. Wakawa wanayatafuta pamoja, wanakopa la kukwangua karoti, la kukamua ndimu. Wimbo uliokuwa unasema watu hawafanyi kazi ukageuka orodha ya kazi.

Na Chukovsky tena. Shairi lake la daktari wa wanyama, "Aybolit", lilitoka mwaka 1929, na Warusi hulijua kwa moyo toka utotoni, tena mapigo yake ni ya wimbo hata bila ya lahani. Wanyama wa Afrika wanaugua, wanampelekea daktari simu ya maandishi, na wanamtajia wanakokaa. Zanzibar imo. Imo pamoja na Kalahari, Sahara, mto Limpopo, na Fernando Po, ambayo Chukovsky anaifanya mlima ilhali ni kisiwa cha Ghuba ya Guinea. Jiografia ile ingemfelisha mtoto mtihani wa darasa la nne. Yeye hakuwa akichora ramani, alikuwa akiokota majina yanayogongana vizuri mdomoni, na nadhani hilo ndilo lililowafanya mamilioni ya Warusi walijue jina la kisiwa chetu kabla hawajajua kiko wapi.

Binti aliposikia Zanzibar alimkatisha mama yake. Kwa nini wanyama wa hapa wamempigia daktari wa mbali hivyo? Mnazi Mmoja kuna hospitali. Tena baba ni daktari, yuko chumbani amelala. Hayo aliyasema kwa Kirusi. Hakikuwa Kirusi kizuri: "hospitali" ilibaki ya Kiswahili, na mikia miwili mitatu ilianguka njiani, namna ya papasi kabisa. Lakini *l* ilikuwa nene pale inapotakiwa kuwa nene, na mkazo ulikaa pake. Wifi hakumsahihisha. Alimjibu kwamba baba yake anatibu watu, Aybolit anatibu viboko, na mtoto akaleta hoja kwamba Unguja hakuna viboko, na ugomvi huo ukaendelea mpaka magharibi.

Nimeulizwa na jirani mwenye mkwe wa Kijerumani kama aanze na nyimbo. Nikamwambia aanze, aimbe chache, tena zilezile, na asione haya kuzikata. Mstari ukishakaa vizuri uuvuruge. Weka jina la mtoto, weka jina la muuza maandazi, imba kinyume, jifanye umesahau. Wimbo ambao mtoto amepata kuubishia una thamani kuliko kumi alizozihifadhi. Na zile alizozihifadhi tu, zisizoeleweka, nazo ziache zikae. Huwezi kujua mtu wa miaka arubaini atahitaji kuimba nini.

Siku hizi wifi ana mradi mpya na amenitia ndani yake. Anataka wimbo wa kuhesabu kwa Kirusi ambao watoto wa chini wataucheza uwanjani, kwa sababu mtoto hamfuati mama milele, anawafuata wenzake. Tukachukua mchezo wa ukuti, ule wa kushikana mikono na kuzunguka. Jaribio la kwanza lilitushinda. Neno la Kirusi la "moja" lina mkazo silabi ya mwisho, na duara la ukuti linagonga mwanzo, basi kila tukilitia linatoka limevunjika shingo. Tuliligeuza juu chini jioni nzima. Kisha wifi akakumbuka kwamba Warusi wenyewe wakihesabia mchezo hawaanzi na neno lile, wanaanza na "raz", silabi moja fupi. Ikakaa. Mbili na tatu nazo ni silabi moja moja, zikapanga mstari. Na nne yao, ambayo ni ndefu, mkazo wake umekaa katikati, silabi ya pili kutoka mwisho, kama neno lolote la Kiswahili. Tulipofika hapo duara likaenda lenyewe.

Watoto wa chini sasa wanahesabu mpaka saba. Mmoja wao, wa mlango wa pili, aliniuliza kama kile ni Kiarabu cha chuo kingine. Nikamwambia akamuulize binti wa kaka yangu. Akaenda akamuuliza, akajibiwa kwa Kirusi, akasema kumbe, akarudi kushika mkono wa mwenzake.